Moto hausafishi kila kitu: tunayoambizana kuhusu kuchoma kwa makaa

Naanza na kubwa lao, hili la kwamba samaki akishapita kwenye makaa basi kila kibaya kimeshakufa. Vijidudu ni kweli vinakufa akiiva sawasawa, sibishi, lakini jodari ana habari yake. Jodari, vibua, na nguru pia, wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa bakteria wanatengeneza kitu kinaitwa histamini ndani ya nyama, na ikishaingia haitoki kwa kuchoma wala kwa kukaanga, hata ukimtia kwenye friza baadae haitoki. Mtu anakula kipande kimechomwa vizuri kabisa, mara ulimi unamchoma kama kala pilipili na pilipili haikutiwa, uso mwekundu, kichwa kinagonga, mwili unawasha, moyo unamwenda mbio, pengine na tumbo linamuendesha, yote hayo yanaweza kuanza ndani ya dakika chache tu. Halafu anaambiwa wewe una aleji ya jodari, anakaa miaka hamgusi, kumbe kilichokosekana ni barafu! Na pua usiitegemee, samaki wa namna hiyo anaweza akawa hanuki kabisa. Kwa hivo ukienda sokoni Malindi au Darajani, Unguja, usiulize bei tu, tizama yumo kwenye barafu au kalala juu ya meza tangu asubuhi na joto lile, na ukifika nyumbani mtie kwenye baridi mpaka makaa yawe tayari, asikusubiri juani.

Na kasa ndio zaidi. Machi 2024 Kisiwa Panza kule Pemba walifariki watu 9 kwa nyama ya kasa, 8 kati yao watoto wadogo, na Novemba 2021 Pemba hiyo hiyo walifariki 7. Bado kuna watu wanasema ukimpika sana sumu inatoka. Haitoki jamani, umchemshe, umchome, umkaushe, sumu iko palepale, na kasa mwenyewe kisheria haruhusiwi kuvuliwa.

Tuje kwenye ndimu. Wengi wanaamini nyama ikilala na ndimu usiku kucha inakuwa laini na ladha inaingia mpaka ndani. Ndimu inaishia juu juu, milimita chache tu, na thomu na bizari vilevile, kinachopenya ndani hasa ni chumvi. Ndimu ikikaa sana ile nyama ya nje inakuwa kama unga mdomoni, papai bichi ndio usiseme, lisahau kidogo tu mishikaki inamung'unyika hata kwenye kijiti haikai. Mie naona chumvi itangulie mapema, ndimu na papai vifuate baadae. Halafu ule mchuzi uliorowekea nyama mbichi, watu wanaupakaza mpaka dakika ya mwisho eti ndimu imeshaua vijidudu, haijaua hiyo! Weka pembeni mwengine wa kupakaza kabla hujatia nyama, au huo uuchemshe kwanza.

Kuna na ile ya moto mkali kuziba nyama isitoke maji. Hii imeenea dunia nzima, aliyeipa nguvu ni mkemia wa Kijerumani Justus von Liebig mwaka 1847, na si kweli. Ile sauti ya chaa unayoisikia ni maji yanatoka. Moto mkali unaleta rangi na ladha, basi. Kwa hivo sogeza makaa upande mmoja wa seredani, yaani jiko la makaa, kuku aive taratibu upande usio na makaa, rangi aipate mwisho, na kama unampaka nazi ipake mwisho vilevile maana inaungua haraka. Na kuiva usikujue kwa rangi, kuku mdogo anaweza kuiva na akawa bado mwekundu kwenye mfupa, kipimo ni joto la ndani lifike 74°C.

Mafuta ya taa juu ya makaa yaliyokwisha kushika, hapana, hata tone. Makumbi na vifuu vya nazi vya kuchochea moto vipo.

Mvua za masika zikianza ndio nasikia hii, makaa yakishakuwa mekundu hayatoi moshi kwa hivo unaweza kuingiza seredani ndani. Moshi hamna, lakini kaboni monoksaidi ipo na nyingi, haina rangi, haina harufu, inakuanza na kichwa na kizunguzungu unadhani ni uchovu, unajilaza kidogo, na ukilala humo ndani huenda usiamke. Kufungua dirisha moja hakutoshi. Mvua ikinyesha subirini, au pikeni kwa gesi siku hiyo, wallahi hakuna mshikaki wenye thamani ya roho ya mtu.

La mwisho ni la pwani, mmeshakula mmeshaogelea, mtu anafukia makaa kwa mchanga anaona kazima. Hajazima, kayahifadhi! Mchanga unalifungia joto chini kwa masaa, juu hakuonekani kitu, na watoto wanakimbia peku palepale. Mwagieni maji ya bahari si yapo hapo, koroga kwa kijiti, mwagia tena mpaka yasitoe mvuke, halafu yakusanyeni kwenye ndoo muondoke nayo.