“Umekwisha! Unaumwa nini?” Dhana potofu kuhusu mtu aliyepungua uzito

Wiki iliyopita mama mmoja anayeuza dagaa soko la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, aliingia ofisini kwangu, akaweka mkoba mezani na kusema: “Dokta, nataka kurudisha mwili.” Mimi ni afisa lishe, si daktari, lakini hilo la cheo nimeacha kulibishia.

Nikafungua kadi yake. Alipoanza alikuwa na kilo 91 kwa urefu wa sentimita 160, presha juu, sukari inanyemelea, magoti yakimlilia kila akipanda mawe kurudi nyumbani kwake Igogo. Baada ya miezi saba ya kupunguza ugali, kuacha soda na kutembea kwa miguu, amefika kilo 82. Presha imeshuka na magoti yametulia. Sasa anataka kurudi alikotoka, kwa sababu wenzake pale sokoni kila wakimwona wanashika mashavu: “Jamani, mwenzetu umekwisha!”

Nikapiga hesabu mbele yake. Kilo 82 kwa urefu ule ni BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ya 32, na unene uliopitiliza unaanzia 30. Yaani mtu ambaye kwa vipimo bado hajatoka kwenye unene uliopitiliza, soko zima linamlilia kama amebaki mifupa. Nimeyasikia haya mara nyingi mno mwaka huu, ndiyo maana naandika.

Dhana: Aliyekonda anaumwa, na akikonda haraka ni ngoma, yaani UKIMWI

Hii ndiyo inayoniharibia kazi kuliko zote. Najua ilikotoka. Mwaka 1982 ugonjwa wa ajabu uligunduliwa Kasensero, kijiji cha wavuvi upande wa Uganda wa ziwa letu hilihili la Victoria, na mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa Kagera. Waganda waliuita “Slim” kwa jinsi ulivyomkausha mtu. Waliokuwa watu wazima wakati ule walizika ndugu zao wakiwa wepesi kama fito, na macho yao yakazoea kusoma mifupa ya mabega na mashavu yaliyobonyea. Woga wao siushangai.

Ninachoshangaa ni sisi kuendelea kutumia macho ya 1983. Dawa za ARV, zile za kufubaza VVU, zimekuwa zikitolewa bure nchini tangu 2004. Mtu anayezitumia vizuri anavua, anazaa, anajenga, na ananenepa kama mwingine yeyote. Tena dawa zinazotumika sasa, zile zenye dolutegravir, zimeonekana kuwaongezea baadhi ya watu uzito kiasi kwamba wengine wanaletwa kwangu kupunguza! Kwa hiyo jirani anayekuangalia mashavu na kukupa majibu hajui lolote. VVU hupimwa kwa kipimo, na majibu hutoka ndani ya nusu saa.

Madhara ya dhana hii nayaona mezani kwangu. Mtu wa sukari anarudia chapati nne asubuhi ili mtaa utulie. Mwanamume wa Nyegezi aliacha mazoezi kwa sababu mama mkwe alimwita mkewe pembeni na kumuuliza kama “wamepima”. Na kuna dada mmoja aliyekuwa akitembea na karatasi ya majibu kwenye pochi; akiambiwa amekonda anaitoa: “Soma mwenyewe, sina!” Alidhani nitampongeza.

Nilimwambia aiache karatasi nyumbani. Kwanza, hakuna mtu barabarani anayestahili kusoma majibu yako, yawe yoyote. Pili, ukishaanza kuionyesha, yule mwenzako ambaye majibu yake ni tofauti naye amekonda kwa jasho lake, aonyeshe nini? Wewe umejisafisha, yeye umemwachia tope. Hapo dada alinyamaza, na mimi pia.

Kama unataka kipimo cha kubishana na soko, chukua uzi. Kata uzi wenye urefu wako kutoka unyayo hadi utosini, ukunje katikati ubaki nusu, kisha uzungushe tumboni usawa wa kitovu bila kuvuta pumzi. Ncha zikikutana, vizuri. Zisipokutana, tumbo bado lina kazi. Nilimfanyia yule mama wa dagaa: zilibaki wazi kwa vidole vinne. Akacheka, akasema, “Kumbe sijaisha.” Uzi huu nawapa wateja wote, na wenzangu kazini wananicheka, lakini nimeona unafanya kazi ambayo mizani haifanyi, kwa sababu mtu anakwenda nao nyumbani.

Dhana: Kumsifia aliyekonda hakuna ubaya

Huu ndio upande wa pili, nao una hatari yake. Kijana fulani alipungua kilo saba bila kubadilisha chochote. Vijiweni wakamsifu: “Umekatika, kaka, gym gani?” Akafurahia sifa miezi mitatu huku akikohoa. Ilikuwa TB.

Ukipungua asilimia 5 ya uzito wako ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili bila kukusudia, nenda hospitali. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni kilo tatu na nusu tu. Na kama kuna kikohozi cha wiki mbili, homa na jasho la usiku, au kiu na mkojo visivyoisha, usisubiri miezi hiyo ikatimia. Swali la maana ni kama umejipunguza mwenyewe au umepungua. La kwanza ni juhudi zako, na la pili lina sababu inayotafutwa maabara, haitafutwi kwenye kikoba.

Dhana: Usipoeleza, una unachoficha

Wateja wangu wanajieleza mno. Akiulizwa “mbona umekonda?”, mtu anaanza na sukari yake, anapita kwenye mashauri ya daktari, anamalizia na ndoa. Kila sentensi unayoongeza inazaa swali jipya. Jibu liwe fupi na liwe lilelile kila siku, hadi wachoke wao.

Kwa mkubwa, heshima yetu inakusaidia. Toa shikamoo, kisha: “Niko salama mama, asante kwa kunijali. Watoto hawajambo? Mvua imeshika huko Sengerema?” Salamu zetu ni ndefu, zitumie. Mpaka mmemaliza ng’ombe na mihogo, mwili wako umeshasahaulika. Kwa rika lako: “Nimepunguza mwenyewe, tuendelee na hesabu.” Mtani mjibu kwa utani, maana ukimnunia umempa wiki nzima ya kazi. Na yule anayerudia mara ya tatu mbele za watu, mwambie kwa sauti ya kawaida, “Habari za mwili wangu naomba tuziache.” Huo si utovu wa adabu. Utovu wa adabu ni kumpima mtu kilo msibani.

Ila mtu mmoja au wawili wa nyumbani wajue ukweli wote: lengo lako, kilo zako, dawa zako kama zipo. Anayepika nyumbani asipojua, atakuongezea ugali kwa huruma.

Na jambo dogo ambalo watu hulidharau: peleka nguo kwa fundi. Nusu ya maneno haya huletwa na gauni la kilo 91 linaloning’inia kwenye mwili wa kilo 82. Mtu anaona kitambaa kinapepea, anadhani ameona ugonjwa. Kubana mishono miwili ni bei ndogo kuliko kujieleza mwezi mzima.

Nyingine, kwa haraka

“Uso umebonyea, kwa hiyo umepitiliza.” Hapana. Mwili hauulizi pa kuanzia kupunguza mafuta. Kwa wengi mashavu na shingo huonyesha mapema, tumbo likiwa bado limekaa palepale.

“Kukataa sahani ya pili ni dharau.” Kula ya kwanza polepole, sifia sato, omba maji. Mwenyeji anaangalia kama mkono wako unaenda mdomoni, hahesabu matonge.

“Tuambie dawa uliyotumia.” Maji ya ndimu hayayeyushi mafuta, na zile chai za kuharisha zinatoa maji na choo tu, siku mbili uzito umerudi. Ukisema hakuna dawa hawataamini. Usihangaike nao.

“Kilo chache hazina maana, bora ubaki na mwili wako.” Hii nayo husemwa kwa upendo. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2002, watu waliokaribia kupata kisukari walipewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea au kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Kati yao, kisukari kilipungua kwa asilimia 58 kulinganisha na wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa mama wa kilo 91, asilimia 7 ni kilo sita na kidogo. Yeye ametoa tisa.

Nilimsomea hesabu hiyo yule mama wa dagaa. Alisikiliza, akaukunja uzi wake akauweka kwenye mkoba pamoja na pesa za mauzo. Tumekubaliana asirudishe mwili hadi tupime sukari tena mwezi ujao. Nikamkumbusha habari ya fundi. Akasema kwa fundi ataenda, lakini siku za soko kwa sasa atavaa dera pana.