Kaboni hailipi kila mti unaoota

"Bwana Miti, hizi ekari zangu mbili za misindano (paini) zitaanza lini kulipwa kaboni?" Kuanzia Mafinga hadi Makete naulizwa hivyo, wakati mwingine kabla ya salamu. Aliyewaambia kwamba wazungu wanalipa kila mti amewadanganya, na mara nyingi alitaka mtie sahihi mkataba wake tu.

Kinachouzwa ni tani ya hewa ukaa iliyozuiwa au kunyonywa, ikapimwa, ikakaguliwa na mtu asiye na maslahi, na ambayo bila mradi ingebaki angani. Hapo mwisho ndipo wengi mnapokwama. Misindano yako ungeipanda hata kaboni isingekuwepo, maana unataka mbao. Sasa mnunuzi alipe nini? Tena gharama ya kupima ekari mbili inameza mapato yote, ndiyo maana wenye mashamba madogo huunganishwa wengi kwanza.

Wanaolipwa wapo, sibishi. Vijiji 8 vya Wilaya ya Tanganyika, Katavi, vinapata fedha za kaboni, vimejenga zahanati na madarasa. Ila vinalipwa kwa kulinda msitu wa asili usifyekwe, na fedha inaingia serikali ya kijiji, si mfukoni mwa mtu. Kanuni za biashara hii zipo tangu 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kiko SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Akija mgeni na mkataba wa miaka 30, ulizeni kwanza kama mradi wake unajulikana huko. Akikasirika, mmeshapata jibu.

Si kaboni tu, kuna maneno mengine ninayoyasikia. "Miti ya mradi ni ya wafadhili." Hapana. Mradi wa Panda Miti Kibiashara, ulioanza 2014 kwa ushirikiano wa Tanzania na Ufini, ulisaidia mbegu bora, ugani na vikundi vya wakulima. Shamba na miti vilibaki vya wenyewe.

"Mti wowote, popote, ni kutunza mazingira." Mlingoti (mkaratusi) bondeni unakunywa maji ambayo kinyungu chako, bustani ya bondeni, kingeyahitaji Septemba. Halafu maji ya Mufindi hayaishii Mufindi: yanashuka na Ruaha Mdogo hadi bwawa la Mtera, kwenye umeme wetu. Sheria ya Mazingira ya 2004 imeweka mita 60 za kulindwa kutoka kwenye chanzo cha maji. Pale panda mivengi, miti ya asili, au paache paote penyewe.

"Msindano wa miaka tisa umekomaa." Umekomaa kwa dalali. Mbao yake ni laini, inapinda, na bei anaipanga yeye.

Mwenye haraka ya hela apogolee, apunguzie shamba miti ikianza kubanana, auze fito, iliyobaki inenepe. Na barabara ya moto, ule ukanda mtupu wa kuzuia moto, isafishwe kabla ya Agosti. Kila mwaka nasema hili, na kila mwaka kuna anayenipigia simu Oktoba shamba likiwa limeshaungua.