Fundi Mkweka wa Philadelphia: yanayosemwa na yaliyokuwa

Kwa mtu wa Magharibi mwa Kenya, Mkweka, yaani muumini wa dhehebu la Kikristo liitwalo Marafiki (Quakers), ni jirani tu. Misheni yao ya Kaimosi ilianza mwaka 1902, na leo Kenya ina Wakweka wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Ila ukiuliza habari za Wakweka wa zamani, wale mafundi na wenye maduka waliovuka Atlantiki kwenda makoloni ya Waingereza huko Amerika, wengi humtaja yule mzee aliyechorwa kwenye kopo la oti za Quaker. Tummalize kwanza. Kampuni ya oti hizo haikuwa ya Wakweka. Ilisajili nembo yake mwaka 1877, kwa kuwa jina la Mkweka lilisifika kwa uaminifu.

Dhana: Walikimbia mateso, wakafika mikono mitupu

Mateso yalikuwepo. Uingereza walifungwa, na aliyekataa kulipa zaka ya kanisa la serikali alinyang'anywa mali. Boston, huko Amerika, ilizidi: Wakweka wanne walinyongwa kati ya 1659 na 1661, Mary Dyer akiwa mmoja wao.

Lakini Pennsylvania ilikuwa pia biashara ya ardhi. Mfalme Charles II alimpa William Penn, Mkweka, koloni hilo mwaka 1681 kufidia deni alilodaiwa na marehemu baba yake Penn, naye Penn akatangaza ekari 5,000 kwa pauni 100. Seremala au mfumaji asiyemudu kiasi hicho alinunua kipande kidogo au akakodi. Aliyekosa nauli alijifunga kwa mkataba, akatumikia miaka kadhaa. Safari yenyewe haikuwa ya mchezo: Penn alipovuka kwa meli ya Welcome mwaka 1682, ndui iliua abiria wapatao 30. Na baadhi ya waliotangulia kufika Philadelphia, mji wa koloni hilo, walianza maisha ndani ya mapango yaliyochimbwa kwenye ukingo wa mto Delaware.

Dhana: Dini ilikuwa ya moyoni, duka lilikuwa lake mwenyewe

Hapa ndipo watu hukosea zaidi. Mkweka aliyehama alitakiwa kubeba barua ya mkutano wake wa nyumbani, yaani usharika wake, ikieleza mwenendo wake na kama yuko huru kuoa. Ni kama barua ya mtendaji wa kijiji, ila hii ilimfuata mpaka dukani. Akichelewesha madeni, wenzake walitumwa kuzungumza naye. Akifilisika kwa uzembe, angeweza kutengwa. Mchungaji wa kuajiriwa hakuwepo. Kumwangalia muumini ilikuwa kazi ya wote.

Bei nayo ilikuwa moja. Kwao, kutaja bei ya juu ukijua utaishusha ulikuwa uongo. Mteja wa Kariakoo angeona amenyimwa haki yake! Mwanzoni wateja waliwakimbia, kisha wakagundua kwamba hata mtoto akitumwa dukani hapunjwi, wakarudi kwa wingi.

Na Benjamin Franklin, mchapishaji maarufu wa Philadelphia? Hakuwa Mkweka.

Dhana: Walipinga utumwa tangu siku ya kwanza

Laiti ingekuwa hivyo. Mwaka 1684 meli ya Isabella ilileta Philadelphia Waafrika wapatao 150, na walowezi, wengi wao Wakweka, wakawanunua upesi. Walihitaji mikono ya kufyeka misitu na kujenga.

Mwaka 1688 watu wanne wa Germantown, mji uliojaa wafumaji, waliandika hati ya kupinga utumwa. Hati ikapandishwa kutoka mkutano mdogo hadi mkutano wa mwaka, ule wa juu kabisa, na huko wakubwa wakaiweka kando. Ni mwaka 1758 tu mkutano wa mwaka wa Philadelphia ulipoanza kuwachukulia hatua wanaonunua na kuuza watu, na 1776 ulipoamua kuwatenga waliong'ang'ania kuwamiliki.

Katikati ya miaka hiyo alikuwepo John Woolman, fundi cherehani na mwenye duka wa Mount Holly, New Jersey. Alipokuwa bado karani kijana, tajiri wake alimwambia aandike hati ya kumuuza mwanamke mtumwa. Mnunuzi alikuwa mzee, Mkweka mwenzao. Woolman aliandika, kisha akawaambia wote wawili kwamba kumiliki watumwa hakupatani na Ukristo. Baadaye, akiwa mtu wa makamo, aliletewa wasia za kuandika, kazi yenye ujira mzuri. Zile zilizorithisha watumwa alizikataa.