Theluji si mchanga wa Shela

Juzi tena, barazani hapa Lamu, kijana kaniambia: "Ami, mimi naserereka vilima vya mchanga vya Shela tangu mtoto. Theluji itanishinda nini?" Nimepandisha watu milimani miaka mingi, na neno hili limenichosha.

Mchanga hukusimamisha wenyewe. Zamisha visigino, mwendo umekwisha. Hata changarawe za Kilimanjaro, ukishuka kutoka Stella Point, mita 5,756, kuelekea kambi ya Barafu, ni hivyo hivyo. Theluji ya alasiri iliyolainishwa na jua nayo hukubali. Lakini theluji hiyo hiyo alfajiri ni kitu kingine kabisa!

Nenda kwa wauza samaki ukaone. Barafu iliyopondwa, jioni ukiitia mkono inaingia. Iache kashani usiku kucha: asubuhi imeshikana, unaipiga nyundo. Mlimani ndiyo kazi hiyo, jua linayeyusha, usiku unagandisha, na weupe ni ule ule, jicho halikuambii kitu. Mimi hupiga kisigino. Kikizama, nafikiria kuserereka. Kikidunda, nashuka hatua kwa hatua, shoka la barafu mkononi, kwa sababu juu ya ugumu ule ukishaondoka hakuna kinachokupunguza mpaka ukutane na kitu. Basi tazama kwanza mteremko unaishia wapi: penye uwanda au penye mawe? Usipopaona mwisho wake, usiende.

Kramponi, yale meno ya chuma yanayofungwa chini ya viatu, vua. Jino moja likinasa, mwili unakwenda na kifundo kinabaki. Penye nyufa za barafu usiserereke kamwe.

Halafu shoka. Tunafundishwa: ukianguka geuka kifudifudi, kandamiza ncha yake kwenye theluji kwa uzito wa kifua, utasimama. Kwenye theluji inayoingilika, kweli. Kwenye barafu ngumu, ukishashika kasi, mimi siamini. Ncha inakwaruza tu. Na kila ninapofundisha nasitasita, maana nikilisema hili kwa nguvu mwanafunzi atalidharau shoka, nikilinyamazia atalitegemea kupita kiasi. Kwa hiyo nawazoesha sekunde ile ya kwanza, kugeuka kabla kasi haijaja, mara hamsini, mpaka mwili ufanye bila kuulizwa.

"Kwa hiyo Shela haina faida, ami?" Inayo, mwanangu. Magoti yako yamezoea kulegea, na huogopi kuinamia mbele juu ya nyayo. Anayeserereka kwa kusimama huanguka pale anaporudisha mwili nyuma.