Kujanibisha sio kubadilisha menyu jamani

Kila bustani ya burudani ikifeli nchi ya watu utasikia "hawakujanibisha", ikifanikiwa "walijanibisha", na ukiuliza walifanya nini hasa unaambiwa waliweka chakula cha kule na kuwavalisha wanasesere nguo za kule. Kujanibisha ni kuipanga biashara ifuate watu wa pale wanavyoishi, basi. Mapambo ni sehemu ndogo mno.

Chukua Tokyo Disneyland, ya 1983. Mwenye bustani ni kampuni ya Kijapani, Oriental Land, Disney, kampuni ya Marekani yenye jina, anakula mrabaha tu, na Wajapani wenyewe ndio walioshikilia isifanywe ya Kijapani, walitaka ile ile ya Marekani maana mtu analipa kiingilio aione hiyo. Kwa tafsiri ya hao wazee wa menyu hapo ujanibishaji hamna, ilitakiwa ife, ila inajaza watu hadi leo. Kilichobadilishwa ni vitu visivyo na stori: mtaa wa kuingilia ukaezekwa paa sababu ya mvua, na maduka yakajaa biskuti za maboksi kwa sababu Mjapani akitoka matembezi harudi kazini mikono mitupu.

Sasa Disneyland ya Paris, 1992. Hapa kila mtu anakimbilia mvinyo, eti Wafaransa walikatazwa wakasusa. Ni kweli haikuuzwa ndani ya bustani, na 1993 wakairuhusu, lakini madeni yaliyoibana bustani hayakuletwa na mvinyo! Zilijengwa hoteli kibao kwa mikopo wakiamini watu watalala siku kadhaa kama wanavyofanya kwenye bustani ya Disney kule Florida, Marekani, kumbe Mzungu wa Paris anapanda treni asubuhi jioni yuko kwake, halafu uchumi wa Ulaya ukayumba na riba zikawa juu, na 1994 ikabidi wakae chini na mabenki kupanga madeni upya. Saa ya chakula cha mchana nayo wote wanataka kukaa mezani kwa mpigo, migahawa ikazidiwa. Hayo ndiyo ya kujanibisha, na hayapigwi picha.

Ila mfano ninaoupenda ni Hong Kong Disneyland, 2005. Waliita mtaalamu wa feng shui, imani ya Kichina ya kupanga majengo yalete bahati, lango kuu likageuzwa nyuzi 12 ili bahati iingie vizuri. Februari 2006, Mwaka Mpya wa Kichina, familia zenye tiketi halali zikakuta mageti yamefungwa kumejaa, kwa sababu likizo ya China bara inaendelea hata ya Hong Kong ikiisha na hilo halikuhesabiwa kwenye mpango wa tiketi. Lango limejanibishwa, kalenda hapana, sijui tuseme walijanibisha au hawakujanibisha.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukiona nguo na menyu sema wamepamba, wala sio tusi, mapambo nayo yanauza. Kujanibisha uliza kwanza watu wa pale wanapata likizo lini, wanakula saa ngapi na usiku wanalala wapi.