Matembezi Huanza Kabla ya Kufika Langoni

Mimi ni mshauri nasaha wa familia hapa Nakuru, na kila Januari malalamiko ninayosikia hufanana. Pesa zimetumika, mbuzi amechinjwa, picha zimejaa kwenye simu, lakini hakuna aliyefurahi kama alivyotarajia. Baba anasema alijinyima mwaka mzima ili awapeleke Mombasa. Mama anasema amerudi akiwa amechoka kuliko alivyoondoka. Watoto nao, ukiwauliza kuhusu safari, hukusimulia ugomvi uliozuka garini.

Mara chache sana kosa huwa la mahali walipokwenda, au la kiasi cha pesa walichokuwa nacho. Shida ninayoiona mimi ni kwamba siku moja imebebeshwa furaha yote, huku siku zilizoitangulia na zile zilizofuata zikiachwa tupu. Ningependa familia zijue kwamba sehemu kubwa ya raha ya matembezi iko nje ya siku yenyewe, na haihitaji fedha nyingi.

Mwaka 2010 mtafiti Jeroen Nawijn na wenzake nchini Uholanzi walichapisha utafiti uliohusisha watu wazima zaidi ya 1,500, wengine wakiwa wamekwenda likizo na wengine wamebaki nyumbani. Waliosafiri waliwashinda wenzao kwa furaha kabla hata ya kuondoka. Waliporudi, tofauti ilikuwa imetoweka, isipokuwa kwa wale waliosema likizo yao ilikuwa ya utulivu mkubwa, na hata hao furaha yao ya ziada ilififia baada ya wiki chache. Yaani kilichowafurahisha hasa ni kungoja.

Ndiyo maana siwaungi mkono wazazi wanaopenda kuwashtukiza watoto: "Vaeni viatu, tunatoka!" Mtoto atarukaruka, ni kweli, ila utakuwa umemnyima wiki nzima ya kuhesabu siku. Mwambie Jumapili kwamba Jumamosi mnakwenda Menengai. Mweleze kwamba ule mlima anaouona kila siku juu ya mji una shimo la volkeno lenye upana wa kilomita kama 12, na kwamba atasimama ukingoni mwake. Mpe jambo moja la kuamua yeye mwenyewe: mtabeba viazi vya kuchemsha au mandazi, mtakaa kivulini au mtazunguka. Mwache ampigie nyanyake simu amweleze mipango. Kufikia Jumamosi atakuwa amekwisha kwenda Menengai mara nyingi kichwani.

Sharti langu ni moja: mnachokingojea kiwe cha kweli. Hapa Nakuru nimeona watu wakivunjika moyo kwa sababu ya flamingo. Mzazi aliyezuru Ziwa Nakuru utotoni anawaahidi wanawe ufuo wa rangi ya waridi, kama ulivyokuwa kwenye kalenda za zamani. Lakini tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 ziwa limepanda sana, likameza lango kuu la zamani na barabara za ufuoni. Maji mengi yalipoingia, magadi yakazimuka, mwani ambao flamingo huutegemea ukapungua, na ndege wengi wakahamia kwingine, Ziwa Bogoria hasa. Bado utawaona, ila si kwa wingi ule wa kalenda. Basi waambie watoto hivyo kabla hamjatoka nyumbani, na uwaeleze kilichosababisha. Waambie pia kwamba ndani ya hifadhi kuna vifaru weusi na weupe, twiga, nyati, na nyani wanaoweza kuingiza mkono dirishani wakiona ndizi. Mtoto aliyeambiwa mapema kwamba maji yaliufunika msitu atakapoiona ile miti iliyokauka ikiwa imesimama majini, atakuonyesha yeye. Yule aliyeahidiwa flamingo atauliza kila baada ya kona, "Wako wapi?"

Sasa niseme juu ya jambo linaloniuma zaidi, nalo ni mama wa jikoni.

Krismasi ya magharibi mwa Kenya wengi wetu tunaijua. Nauli za matatu kutoka Nakuru kwenda Kakamega, Kisumu au Busia hupanda, stendi zinajaa magunia na kuku, na watu wanafika kwa wazazi usiku. Kesho yake nyumba ina watu wengi na kila mtu anataka chapati. Anayezipika ni nani? Mke wa kitinda mimba, akisaidiwa na binti mmoja au wawili, katika jiko la kuni lenye dirisha dogo. Anakanda unga tangu asubuhi. Anakata madonge, anasukuma, anapaka mafuta, anakunja, anasukuma tena, anageuza kwa vidole huku macho yanamtoka machozi kwa moshi. Nje chini ya mwembe wanacheka. Hadithi ya babu na yule punda imesimuliwa, naye amesikia kicheko tu. Anapomaliza kupika anaanza kugawa, akimaliza kugawa anaanza kuosha sufuria. Halafu jioni mumewe anamuuliza kwa nini amenuna.

Wanawake wengi wamelia ofisini kwangu kwa sababu ya siku hiyo, na si kwamba hawapendi kupika. Wengi wanapenda, tena sana. Wanacholilia ni kuwa karibu na wapendwa wao bila kuwa pamoja nao.

Dawa yake inawezekana, nimeziona familia zikiijaribu na ikashika. Hamisheni jiko. Toeni meko nje, pale kivulini watu walipokaa, ili mpishi awe katikati ya mazungumzo. Punguzeni chakula kimoja. Hakuna mgeni aliyewahi kwenda nyumbani na njaa kwa sababu pilau ilikosekana siku ya kuku na chapati. Wavulana wachote maji na wasukume chapati pia, hata zikitoka na pembe. Na asile mtu mpaka mpishi amekaa. Hilo la mwisho lisemwe na mzee wa boma mwenyewe, kwa sababu likisemwa na mke huonekana ni kiburi, na likisemwa na mzee huwa desturi. Kwa Waluhya firigisi ya kuku humwendea mzee, na hakuna mtoto anayehoji, kwa kuwa amekua akiona hivyo. Desturi ya kumngoja mpishi nayo inaweza kukua vivyo hivyo, mwaka baada ya mwaka, mpaka watoto waone ajabu familia ambayo haina.

Nigusie mwisho wa siku, maana ndio unaoharibu matembezi mengi. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walichapisha jaribio ambalo mpaka leo huwashangaza wanafunzi. Watu walitumbukiza mkono katika maji baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Mara nyingine walivumilia sekunde hizo hizo 60, kisha wakaongezewa 30 huku maji yakipashwa moto kidogo tu, hadi nyuzi 15. Walipoulizwa ni zamu ipi wangekubali kuirudia, wengi walichagua ile ndefu, ingawa ilikuwa na maumivu zaidi kwa jumla. Akili ilikuwa imeshika namna jambo lilivyokwisha, wala haikujali sana limechukua muda gani.

Chukua somo hilo ulipeleke Kisumu. Familia inatoka Nakuru alfajiri, inapanda mashua katika ufuo wa Dunga, inakula samaki aina ya ngege wa kukaanga na ugali kwa mikono, wanakula kichwa mpaka mashavu. Siku tamu kabisa. Kisha baba anataka waone jua likizama ziwani, saa kumi na mbili na nusu hivi, ndipo waanze safari ya saa tatu na zaidi kurudi, mvua ya Kericho ikiwangoja njiani, watoto wakitapika nyuma, mtu na mkewe wakigombana kuhusu mwendo wa gari. Wataikumbuka mvua kabla ya samaki. Mimi ningewashauri wachague: ama walale Kisumu na walione jua hilo kwa utulivu, ama waondoke saa nane wakiwa bado wanacheka, na wasimame njiani kununua mahindi ya kuchoma. Na mashua ipandwe asubuhi. Mchana upepo wa ziwa huamka, maji yakachafuka, na mtoto aliyeogopa mara moja hurithisha woga huo kwa nduguze. Hakikisheni pia kila mmoja amevaa jaketi la kujiokoa, hata kama nahodha anasema ni hapo karibu tu.

Kuhusu picha, siwezi kuwakataza watu simu zao. Linda Henkel, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwatembeza wanafunzi katika jumba la makumbusho, na mwaka 2014 akaeleza alichokipata: vitu walivyovipiga picha nzima walivikumbuka vibaya kuliko vile walivyovitazama tu. Lakini walipoambiwa wakivute karibu kipande kimoja cha kitu na kukipiga picha hicho, kumbukumbu haikupotea. Naona umuhimu wake kila ninapokwenda Hyrax Hill, hapa hapa pembeni mwa mji, penye bao lililochongwa juu ya mwamba na watu wa kale. Wageni husimama mbele yake, hupiga picha ya kundi zima, huondoka. Afadhali mtoto achuchumae, aingize kidole katika mashimo hayo, ayahesabu, akipenda apige picha ya shimo moja. Kama mmekwenda na babu anayejua kucheza bao, mwacheni akusanye vijiwe aonyeshe. Hapo mtakuwa na kitu cha kusimulia.

Na kusimulia ndiko kunakobakia. Wanasaikolojia Robyn Fivush na Marshall Duke wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, walitunga maswali 20 ya kupima mtoto anajua nini kuhusu ukoo wake: wazazi walikutanaje, babu na nyanya walikulia wapi, ni shida gani iliwahi kuipata familia. Watoto waliojua mengi walikuwa na kujiamini zaidi na waliona wana uwezo juu ya maisha yao. Duke mwenyewe amesisitiza kwamba kukariri majibu hakuleti lolote. Yanayosaidia ni yale makutano ambamo hadithi hizo hupatikana, yaani mlo wa jioni, sikukuu, safari. Kwetu sisi mambo hayo yako tele. Mkipita Seme, upande wa Kisumu, mkisimama kutazama mawe ya Kit Mikayi, mwombeni dani, yaani nyanya kwa Kijaluo, aeleze alivyoletwa hapo akiwa msichana. Mkiwa kwenye matatu kuelekea Webuye, baba aonyeshe shule aliyosoma na njia aliyotembea.

Usiku wa kurudi nyumbani, au kesho yake, kaeni dakika chache kila mtu aseme jambo moja alilolipenda. Mdogo aanze, maana mkubwa akianza wengine humuiga. Wazazi hushangaa. Walilipia mashua, na mtoto anasema kilichompendeza ni kunawishwa mikono na mjomba. Yashikeni majibu hayo, kwa kuwa ndiyo yatakayowaelekeza kwenye matembezi yajayo, na mara nyingi yatawaelekeza mahali pa bei rahisi zaidi.

Hilo linanifanya niwaombe wale wanaosubiri Desemba wasisubiri. Raha ya jambo kubwa huzoeleka upesi. Jumamosi moja ya Menengai leo, mahindi ya kuchoma mwezi ujao, Mashujaa ya tarehe 20 Oktoba kwa shangazi: kila moja ina kungoja kwake na kusimulia kwake. Aliye na pesa aende Mombasa, na aende kwa amani. Lakini asiye nazo asiwaombe watoto wake msamaha.

Zipo familia ambazo sikukuu inazijia zikiwa na pengo. Aliyekuwa akichinja mbuzi amezikwa Agosti, na hakuna anayethubutu kutaja jina lake mezani wasije wakamliza mama. Huniuliza kama wafute sherehe kabisa. Nawaambia kila mara wamuulize kwanza mama huyo mwenyewe, kwa faragha, wiki kadhaa kabla, si asubuhi ya siku yenyewe. Wengi hutaka atajwe. Wengi hutaka chakula alichokipenda kipikwe, na kazi yake ya kuchinja akabidhiwe mtu mbele ya watu wote, tuseme mjukuu mkubwa, huku amesimama mjomba wa kumwelekeza. Wakilia, walie; chakula kitaliwa baadaye kidogo. Mama akisema mwaka huu hawezi kabisa, nendeni kwake wachache, mpikieni, mkae naye mpaka jioni, na mkubaliane naye kabla hamjaondoka ni lini mtarudi.