“Atasema Tu, Wavulana Huchelewa”

Nimechoka kuisikia. Mtoto ana miaka 3 na nusu, hana hata neno moja, na mzazi anasema aliambiwa asubiri kwa kuwa wavulana huchelewa, tena babu yake alisema akiwa na miaka 4. Kweli, kwa wastani wasichana huwatangulia wavulana kusema, ila kwa miezi michache tu. Na huyo babu nani alimpima?

Wapo watoto wanaochelewa kisha wakawafikia wenzao bila msaada. Lakini kwa kumtazama tu akiwa na miaka 2, hakuna wa kuapa kwamba wako ni mmoja wao. Akipimwa akakutwa salama, umepoteza asubuhi moja. Ukingoja na kumbe tatizo lipo, umepoteza miaka ambayo ubongo wake unajijenga kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote.

Nikimpima mtoto aliyechelewa kusema, mimi huanzia masikioni, na hapo ndipo tunapobishana na wazazi. “Anasikia, mlango ukibamizwa anageuka.” Mlango una kishindo kizito, na sakafu inatetemeka. Mtoto anaweza kuusikia mlango na asizisikie s, f na sh, ambazo ni sauti nyembamba na hafifu. “Shika” inamfikia kama “ika”. Mwenye majimaji nyuma ya ngoma ya sikio anasikia vizuri wiki hii, wiki ijayo hasikii, nanyi mnasema ana kiburi. Kwa hiyo kipimo kamili cha kusikia kwanza, na tuache kupiga makofi nyuma yake kuona kama atageuka. Kwa mtoto mchanga, lengo ni achunguzwe ndani ya mwezi 1, tatizo lithibitishwe kufikia miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6.

Pia msihesabu maneno pekee, tazameni kidole. Kufikia miezi 18 mtoto huonyesha ndege au taa kwa kidole ili nawe uione, ingawa haitaki. Anayekamata mkono wako na kuupeleka kwenye kikombe bila kukuangalia usoni, na hajawahi kukuonyesha kitu, aletwe hata kama anaimba nyimbo za katuni neno kwa neno. Kufikia miaka 2 awe anaunganisha maneno mawili. Na aliyekuwa na maneno kisha yakapotea, wa umri wowote, haongezewi hata wiki moja ya kusubiri.

Hizi nyingine nazipitia haraka.

“Lugha mbili zimemchanganya.” Hapana. Hata watoto wenye usonji (autism) au sindromu ya Down hujifunza lugha mbili kwa kadiri ya uwezo wao. Ongea naye lugha unayoimudu.

“Ulimi umefungwa, ukatwe.” Utepe mfupi chini ya ulimi unaweza kusumbua kunyonya, na pengine matamshi fulani. Haumzuii mtoto kuelewa wala kuanza kusema.

“Tukimpa picha na ishara hatasema.” Hazimzuii kusema, na wengine huwasaidia kuanza.

“Ni chanjo.” Makala ya 1998 iliyozusha hofu kwamba chanjo huleta usonji ilifutwa na jarida la kitabibu lililoichapisha, Lancet, mwaka 2010. Tuendelee.

“Manjano ya mtoto mchanga yataisha akianikwa juani.” Hii inanitia hofu. Manjano makali yasiyotibiwa huharibu sehemu za ubongo zinazoongoza mwili, na huweza kuua usikivu. Baadhi ya watoto wenye utindio wa ubongo (ubongo kushindwa kuongoza misuli vizuri) walianzia hapo. Yakitokea ndani ya saa 24 za kwanza tangu kuzaliwa, au yakifika viganjani na nyayoni, au mtoto akiwa mlegevu na hanyonyi, ni hospitali siku hiyohiyo.

“Katuni zitamfundisha kusema.” Zizimeni. Kaa chini macho yenu yalingane, muulize anataka nini, kisha nyamaza na uhesabu kumi kimoyomoyo. Wazazi wengi hawafiki hata tatu kabla ya kumjibia.